Safari Uliyompangia Mama

Mwaka umezunguka, Fosia, tangu asubuhi ile ulipoiacha chai yako nusu kikombe, ukasema utaimalizia ukirudi, ukaenda shuleni.

Tunakuandikia kwa Kiswahili. Nyumbani tungesema nawe Kisomali, lakini wewe ulikuwa mwalimu wa Kiswahili, na tunajua wanafunzi wako watalibandika tangazo hili la kumbukumbu ukutani na kulisoma kwa sauti. Kaka yako Dekow ndiye aliyeliandika mara ya kwanza. Binti yako Ikran akalichukua, akalipaka wino mwekundu mwanzo hadi mwisho kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Makosa yaliyobaki ni ya Dekow, na hataki kuambiwa.

Ulikuwa mpole, Fosia, lakini tusidanganyane, ulikuwa pia mwoga. Uliogopa kwa niaba ya watu wote. Mto Tana ukijaa kidogo tu, ulimpigia simu kila mwenye shamba ukingoni. Maziwa uliyanusa mara mbili kabla ya kumpa mtoto. Mumeo Mohamednoor akichelewa njia ya Wajir, ulisimama mlangoni na tasbihi hadi uone taa za gari. Tulikucheka sana. Mwenyewe ulisema, "Mimi nikiogopa, nyinyi mnalala." Ilikuwa kweli, tulilala.

Kisha ukaja na habari ya Umra. Ulimkuta mama akipima maziwa ya ngamia pale mlangoni, kazi aliyotulea nayo sote baada ya baba kufariki, ukachuchumaa mbele yake ukasema, "Hooyo, mwaka huu tunakwenda Makka, mimi na wewe." Ulimwita hooyo, yaani mama, naye akakuita hooyo, kama ilivyo kwetu, mama na mwana kuitana kwa jina moja. Alifurahi hata akamwagia mteja maziwa miguuni.

Furaha ile ilidumu siku moja. Ya pili hofu ikaingia ndani, ikavua viatu, ikakaa.

Mama Raho haogopi vitu vidogo. Amezaliwa Sangailu, amelala porini na fisi wakilia karibu, amevuka ukame usiosemeka. Lakini ndege aliiogopa. Aliogopa ngazi zinazotembea zenyewe, ambazo mtu mmoja alimsimulia kwamba humeza buibui za wanawake. Aliogopa sukari yake kupanda katikati ya watu asiowajua. Zaidi ya yote aliogopa umati. Alikuwa ameona kwenye simu ya Ikran watu wanavyozunguka Al-Kaaba, akairudisha simu. Jioni ile akakuuliza, "Hooyo, mkono wangu ukikuponyoka pale, utanipataje?"

Ulimwambia hautaponyoka. Lakini tulikuona ulivyobadilika rangi.

Tangu hapo maisha yako yakawa ni safari ile. Sindano za kinga, viatu vya kutoteleza, kifuko cha baridi cha dawa yake ya sukari, kibandiko cha jina lake kwa Kiarabu kilichoshonwa kwenye kila nguo. Mwenye kampuni ya kusafirisha mahujaji alikuona mara nyingi kuliko alivyomwona mkewe. Ulimuuliza hoteli iko umbali gani, lifti ikiharibika itakuwaje, na kama daktari wa msafara ni daktari kweli au ni shemeji yake. Alipokasirika ulimwambia kwa upole, "Ndugu yangu, wewe unasafirisha watu. Mimi namsafirisha mama yangu."

Kila wiki ulimpeleka zahanati kupimwa presha. Siku moja mama, kwa Kiswahili chake cha sokoni, alimwambia muuguzi, "Mimi niko sawa. Hii mtoto yangu ndiyo inaogoba sana. Funga yeye hiyo kitu ya mkono." Muuguzi akacheka, akakugeukia na mpira wa kipimo. Ukasema, "Si leo, hooyo, nina kipindi." Ukaenda zako.

Halafu yale mazoezi yako, ambayo mtaa mzima bado unayasimulia. Ulimzungusha mama kandokando ya zizi la mbuzi mara saba, asubuhi kwa asubuhi, ili miguu izoee kutufu, kuizunguka Al-Kaaba. Mbuzi walisimama wakiwatazama. Jirani yetu Safiyo alitoa kiti nje, akasema yeye hana televisheni, hii inamtosha. Mama alikuwa akicheka mpaka akaomba kupumzika, na kwa muda ule wa kucheka alikuwa haogopi.

Lakini siku ya mnada wa mifugo hakucheka mtu. Ulisema lazima azoee msongamano, ukamtia katikati ya soko la ng'ombe saa ambayo malori yanashusha, wachuuzi wanapiga kelele, na vumbi limesimama. Ulimfunga kwako kwa ncha ya shali yake. Dume moja likakurupuka, watu wakatawanyika, ulipogeuka umeshika shali tupu.

Dekow alikuwapo, akiuza mbuzi wake. Anasema hajawahi kuona mtu akikimbia vile. Uliita "Hooyo! Hooyo!" na nusu ya wanawake wa soko lile wakageuka. Ulianguka ukaamka, hijabu imejaa samadi. Ulikuwa umemfundisha mama vizuri: akipotea, asimame palepale alipo. Ukarudi palepale mara tatu, na mama hayuko.

Mlimkuta kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, amekaa ukingoni, amelowesha miguu, ametulia kabisa. Yeye ndiye aliyekukaripia. "Umekuwa wapi muda wote huu? Nani alikufundisha kumtafuta mtu? Aliyepotea haendi huku na huku, wala hasimami juani kama nguzo. Huenda penye maji. Mnyama atakuja majini, mchungaji atakuja majini, na anayekutafuta atakuja majini. Sangailu hakupotea mtu hivi hivi."

Ukakaa chini kwenye tope, ukalia mbele ya wafanyabiashara. Mama akakushika mikono yote miwili, akaona aibu kwa kukukaripia.

"Basi, hooyo," ulimwambia. "Tufuate njia yako. Na huko Makka ukinipotea, nenda penye maji, unisubiri. Nitakuja."

"Utakuja?"

"Wallahi nitakuja."

Kuanzia siku hiyo ulishika kichwa mara kwa mara. Ulisema ni jua, halafu ni usingizi, halafu ni kelele za darasa la tano. Mama alikuwekea kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso, nawe ukiwa umelala hivyo ukamuuliza kama amejichoma sindano yake ya sukari. Sote tulikuwa tukimtazama yeye. Tulikuwa tumeiweka hofu yetu yote kwa mzee mwenye sukari, na hakuna hata mmoja wetu aliyegeuza shingo kukutazama wewe.

Ulianguka ubaoni, katikati ya sentensi. Walimu wenzako walikubeba hadi hospitali, na daktari akatuambia ni mshipa wa kichwa umepasuka, kwamba presha yako lazima ilikuwa juu kwa muda mrefu. Mohamednoor akauliza, "Presha ya nani?" Alidhani daktari amechanganya mgonjwa. Alasiri ile ile tulikuzika. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Mama alikuwa miongoni mwa wanawake waliokuosha. Hakulia. Watu walimsifu kwa subira, lakini sisi tuliokuwa tukiishi naye tulijua haikuwa subira, ilikuwa hofu tupu iliyokausha hata machozi. Alianza kushtuka mlango ukigongwa. Alimkataza Ikran kwenda shule kwa pikipiki, kisha akamkataza kwenda kwa miguu. Begi mliloandaa pamoja alilisukuma chini ya kitanda hadi ukutani. Dekow alipomuuliza kuhusu safari alisema, "Aliyekuwa anishike mkono ameshaondoka. Mimi nikafanye nini katika watu wale?" Tukaiacha habari hiyo. Hatukuwa na nguvu ya kumbembeleza, na kusema kweli tuliona nafuu, maana nasi tulikuwa tumeanza kuogopa kila kitu.

Aliyeifufua habari hiyo ni mama mwenyewe. Sheikh Mustafe alikuja kusoma dua, na alipokuwa akivaa viatu mama akamuuliza kutoka nyuma ya pazia, "Sheikh, mtu aliyenuia Umra, akajitayarisha, akafa kabla, ana nini?"

"Ana nia yake, mama, na Mwenyezi Mungu hapotezi nia ya mja," sheikh alijibu. "Tena wewe unaweza kumfanyia. Ukifika, utafanya kwanza ya kwako. Ukimaliza, utatoka nje ya mipaka ya Haram, uhirimie upya, utie nia kwa jina lake, umfanyie ya kwake."

Mama akasema, "Yaani nikikaa hapa kwa woga wangu, Fosia hapati Umra yake?"

Sheikh akasema Mungu ni mwingi wa rehema. Mama akasema hilo analijua, hakuuliza hilo.

Tulisikia begi likiburutwa sakafuni kabla sheikh hajafika barabarani.

Alisafiri na Dekow. Unamjua kaka yako, mdomo wake ni mkubwa kuliko soko la ng'ombe, lakini alikuja kwa kila mmoja wetu kwa siri akiuliza dawa zinapangwaje, na kama kuna mtu anajua ulichokuwa ukimwambia mama ili atulie. Hakuna aliyejua. Mlikuwa mkinong'ona nyinyi wawili.

Siku ya kuondoka mama alikishika kitambulisho mkononi tangu kutoka mlangoni, kama wafanyavyo wazee wetu wakikaribia kizuizi cha polisi pale daraja la Tana, hata wakiwa hawana kosa lolote. Askari alikiangalia, akamrudishia. "Mama unaenda wapi?"

"Maka," mama alisema, na sauti yake haikusikika vizuri, akarudia.

"Basi utuombee mvua," yule askari akasema, akafungua njia.

Ndani ya ndege aliweka mkono wake juu ya mkono wa Dekow, na Dekow anaapa alifanya hivyo kumtuliza mama. Mama anasema Dekow ndiye aliyefumba macho. Ngazi zinazotembea alizikataa katakata, na huko kote walipanda za kawaida, kaka yako akihema na kumlaumu yule aliyemsimulia mama habari za buibui.

Umra yake aliifanya akiwa amemng'ang'ania Dekow hata kucha zikamwachia alama. Alipomaliza hakushangilia, alisema tu, "Hiyo ilikuwa yangu." Akapumzika siku moja, akala kidogo, akamwambia Dekow ampeleke kwenye msikiti wa Tan'im, watu wanakohirimia. Huko aliswali rakaa mbili, akanyanyua mikono, na mbele ya watu wote, kwa sauti ambayo Dekow hakujua kama mama anayo, akasema, "Labbayka Allahumma umratan an Fosia," yaani Umra hii ni kwa niaba ya Fosia. Kisha akaongeza jina la baba yako na la babu yako, asije mwingine akachukua.

Walitufu baada ya alasiri. Walimaliza, wakaswali, mama akasema ana kiu. Dekow aliinama kufunga mshipi wa shuka zake za ihramu. Anasema ni muda wa kuinama tu. Kundi kubwa la mahujaji likapita kati yao kwa kasi, na lilipokwisha kupita mama hakuwapo.

Alitupigia simu. Hakuwa na haja ya kupiga, tungemsaidia nini kutoka Garissa? Lakini alipiga, na Mohamednoor akaiweka simu katikati ya mkeka, sote tukakaa kuizunguka tukisikia pumzi ya Dekow akikimbia. Simu ya mama ilikuwa kwenye begi la Dekow. Dawa yake ya sukari ilikuwa kwenye begi la Dekow. Ikran alikuwa amejifunika uso. Shangazi Roda, aliyekuja kutoka Hulugho, alisoma Ayat al-Kursiyyu bila kukoma, na kila mmoja wetu alikuwa akifikiri jambo lile lile ambalo hakuna aliyethubutu kulitamka, kwamba tumezika mmoja na sasa tunampoteza wa pili, na safari ni ile ile.

"Nenda penye maji!" Mohamednoor akapiga kelele. "Dekow, soko la ng'ombe, umesahau? Yuko majini!"

Dekow akasimama. Tulimsikia akigeuka. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kulia, "Maji yapi? Hapa kuna maji kila nguzo!"

Hilo ndilo ambalo wewe wala mama hamkuliwaza, Fosia, na ni nani wa kwetu angeliwaza? Sisi tumezoea nchi yenye kisima kimoja. Ukisema "majini," kila mtu anajua ni wapi. Pale maji ya Zamzam yamepangwa kila upande, madumu kwa madumu, safu kwa safu, ghorofa kwa ghorofa. Agano lenu lilikuwa la Sangailu, nanyi mlilipeleka mahali ambapo jangwa limejaa maji.

Akaenda toka maji hadi maji. Kila penye madumu aliita, na sisi huku tukaitikia amina bila kujua tunaitikia nini. Tulisikia adhana ya magharibi ikianza kupitia simu. Halafu tukamsikia Dekow akisema, taratibu sana, "Hooyo."

Alikuwa amekaa sakafuni kando ya madumu, mgongo kwenye nguzo, ametandaza miguu. Mwanamke mmoja wa Sudan alikuwa amempa tende. Hakuwa na hofu. Dekow anasema hilo ndilo lililomtisha, kwamba mama alikuwa ametulia kama siku ile ya birika. Alimtazama Dekow, kisha akatazama nyuma yake, akatafuta.

"Fosia yuko wapi?" akamuuliza. "Nimemsubiri hapa. Alisema atakuja."

Dekow akaketi. Sisi tulikuwa tunasikia, hatukujua tuzime simu au tusizime.

"Hooyo," mwishowe alisema, "Fosia hatakuja. Fosia tumemzika."

Kisha tukasikia sauti ambayo hatukuisikia siku ya kukuosha, wala siku za tanga, wala miezi yote iliyofuata. Mama alilia. Alilia kwa kelele, kama mtoto, na yule mwanamke wa Sudan, bila kujua lolote, akalia pamoja naye. Nasi tukalia kwenye mkeka wetu, Garissa, na tulikuwa hatujawahi kulia sote pamoja tangu ufe, maana kila mmoja alikuwa akijificha mwenzake asiogope.

Baada ya kuswali magharibi Dekow alimwambia wapumzike, akamletea kiti cha magurudumu. Mama akakikataa. Alikuwa amebakisha matembezi saba kati ya Safa na Marwa. "Huyu alinizungusha zizi la mbuzi kwa miguu yake," alisema. "Mimi nitamtembelea yake kwa miguu yangu." Akamuuliza Dekow kama dawa iko kwenye kifuko cha baridi, akajichoma sindano yake mwenyewe, akala tende iliyobaki, akainuka.

Alikwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Dekow alimpa mkono, naye akasema asante, anaweza. Mara moja tu alisimama, akashika ukuta, na Dekow akadhani ni sukari. Alikuwa akiomba. Alikuombea wewe na kaburi lako, akamwombea Ikran, akamwombea yule askari wa darajani mvua yake. Walipofika Marwa mara ya mwisho Dekow alimkata ncha ya nywele, na Umra ikawa imekwisha.

Hapo akaomba simu. Sisi bado tulikuwa tumekaa, chakula kimepoa. Hakusalimia, hakuuliza habari za nyumbani, na ulijua mama anavyopenda salamu ndefu.

"Mwambieni Ikran," alisema, "mama yake amefika Makka."

Tunaokukumbuka ni mama yako Raho, ambaye bado haipendi ndege, mumeo Mohamednoor, binti yako Ikran, kaka yako Dekow na mkewe Abshiro, shangazi yako Roda wa Hulugho, jirani yako Safiyo, walimu wenzako, na darasa la tano, ambalo sasa ni la sita.

Mwenyezi Mungu akulaze pema, akukubalie Umra yako. Sasa ni zamu yetu kuogopa, Fosia. Wewe lala. Hatutakusahau daima.